Fumbo na Mwanamke Mwenye Usonji: Maoni Kuhusu Lugha ya Uchumba Katika Jamii ya Waswahili

1.0 Utangulizi

Waswahili husema: Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Methali hii imetajwa mara nyingi katika mijadala ya fasihi simulizi na ya isimujamii ili kuonyesha thamani ambayo Waswahili huipa lugha ya kificho. Jambo ambalo halijazingatiwa sana ni kwamba methali hiyo, pamoja na kulisifu fumbo, inatoa pia hukumu. Inawagawa watu katika mafungu mawili: anayeng'amua ni mwerevu, asiyeng'amua ni mjinga. Haimwachii nafasi mtu wa tatu, yaani mtu mwenye akili timamu, pengine mwenye elimu kubwa na msamiati mpana, ambaye hata hivyo huyapokea maneno kama yalivyosemwa kabla ya kuyatafuta yalivyokusudiwa.

Mtu huyo wa tatu yupo. Miongoni mwa watu wa aina hiyo wamo wanawake wenye usonji, na hakuna mahali ambapo hukumu ya methali hii huwaangukia kwa uzito zaidi kuliko katika uchumba na ndoa. Makala haya yanajadili uzoefu wa wanawake hao katika mahusiano ya mapenzi kwa kuutazama kupitia lugha. Hoja inayotetewa ni kwamba fumbo si kipimo cha akili wala cha utu. Kwamba mzigo wa kueleweka katika mazungumzo ya mapenzi ni wa pande zote mbili. Na kwamba pale inapohusika ridhaa ya mtu juu ya mwili wake na ndoa yake, lugha ya wazi haina budi kutangulia lugha ya kificho. Itaonyeshwa pia kwamba msimamo huu haukukopwa kutoka nje, kwa kuwa mila za Waswahili zenyewe zina nyenzo za kuutegemeza.

Ikumbukwe kwamba usonji ni tofauti ya ukuaji wa ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo na huishi nayo maisha yake yote. Huathiri namna mtu anavyowasiliana na wenzake, anavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso, na anavyoshikamana na ratiba au mambo yanayomvutia. Tangu mwaka 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani umeziweka chini ya jina moja aina zilizokuwa zikitajwa mbalimbali, na uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 umefuata njia hiyo hiyo. Watu wenye usonji hutofautiana sana. Wapo wasiotumia maneno kabisa, na wapo walio walimu, wanasayansi na washairi. Si kila mwenye usonji hushindwa na fumbo. Wengine hujifunza mafumbo mengi na kuyapenda. Makala haya yanawahusu hasa wanawake wanaozungumza, wanaosoma na kufanya kazi, ambao hali yao haionekani kwa urahisi, na kwa sababu hiyo huadhibiwa kwa jambo ambalo watu hawalijui.

2.0 Jinsi Wanawake Walivyoachwa Nje ya Maelezo

Historia ya elimu ya usonji inaeleza kwa nini mwanamke mtu mzima mwenye hali hii amekuwa haonekani. Leo Kanner, katika makala yake ya mwaka 1943, alieleza habari za watoto 11. Kati yao wavulana walikuwa 8 na wasichana 3. Hans Asperger, aliyeandika mjini Vienna mwaka 1944, alichambua kwa kina habari za wavulana 4. Maelezo ya awali yalijengwa, basi, juu ya tabia za watoto, na wengi wao wa kiume. Hata Lorna Wing alipoifufua kazi ya Asperger mwaka 1981 na kuifahamisha kwa wasomaji wa Kiingereza, sura iliyobaki akilini mwa madaktari wengi ilikuwa ya mvulana anayependa treni na orodha za namba.

Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba kwa kila mwanamke mmoja mwenye usonji wapo wanaume wanne. Loomes, Hull na Mandy (2017), waliokusanya pamoja matokeo ya tafiti nyingi, walionyesha kwamba uwiano ulio karibu na ukweli ni watatu kwa mmoja, na kwamba wasichana wenye dalili huenda wakakosa kutambuliwa zaidi kuliko wavulana. Nadharia nayo ilichangia kuwasahaulisha. Simon Baron-Cohen (2002) alipopendekeza kwamba usonji ni umbo lililokithiri la ubongo wa kiume, mwanamke mwenye usonji aligeuzwa kuwa kioja: ama si mwanamke kamili, ama hana usonji.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, uchache wa maandishi umezidisha tatizo. Utafiti unaojulikana zaidi kutoka Tanzania, uliochapishwa mwaka 2006, ulihusu watoto 20, na lengo lake lilikuwa kutafuta vyanzo vya hali hiyo, yakiwemo maradhi kama malaria kali. Mazungumzo ya hadhara yanayofanyika kila tarehe 2 Aprili, Siku ya Kimataifa ya Usonji, nayo huwahusu watoto na wazazi wao. Hayo yote ni mema. Lakini mtoto hukua. Msichana aliyekuwa kimya darasani huwa mwanamke anayeposwa, na hapo ndipo fasihi ya kitaalamu humwacha.

3.0 Uzoefu wa Wanawake Hao Katika Mapenzi

Wanawake wenyewe ndio walioanza kulijaza pengo hili. Donna Williams wa Australia alitoa tawasifu yake mwaka 1992. Liane Holliday Willey wa Marekani alitoa yake mwaka 1999, baada ya kuitambua hali yake kupitia uchunguzi aliofanyiwa bintiye. Wakati huo alikuwa mke, mama na mwanachuo. Kutambuliwa kupitia mtoto ni jambo linalorudiwa katika masimulizi mengi ya wanawake wa namna hii. Mama humpeleka mwana kwa daktari, husomewa orodha ya dalili, naye hujisikia anasomewa maisha yake mwenyewe.

Jambo la kwanza linalojitokeza katika masimulizi na tafiti ni kujificha kwa kuiga. Laura Hull na wenzake (2017) walieleza jinsi watu wazima wenye usonji wanavyojifunza kuficha hali yao: hukariri maneno ya kuanzia mazungumzo, huiga tabasamu na miondoko ya wenzao, hujilazimisha kumtazama mtu machoni, na hulipa gharama ya uchovu mkubwa baadaye. Katika uchumba kuiga huku huwa kukali zaidi, kwa kuwa mchumba hupimwa kwa kila neno. Mwanamke huyatazama yale ambayo binamu yake au wahusika wa tamthilia humfanyia mpenzi, naye huyafanya. Matokeo yake ni kwamba mwanamume humchumbia mtu aliyeigizwa. Ndoa inapoingia katika maisha ya kila siku na nguvu za kuigiza zikaisha, mume hulalamika kwamba mkewe amebadilika, ilhali mke amerudi tu kuwa yeye.

Jambo la pili ni hisi. Mguso mwepesi unaomfurahisha mtu mwingine unaweza kumchoma mwanamke mwenye usonji kama mwiba, na manukato, udi na kelele za ukumbi wa harusi vinaweza kumfikisha ukingoni mwa kuzimia. Akijitenga, husemwa kwamba anaringa au hampendi mume. Wapo pia ambao kwao mguso mzito na wa uhakika ni faraja kubwa. Tofauti hizi haziwezi kukisiwa. Hujulikana kwa kuulizwa tu.

Jambo la tatu ndilo zito zaidi. Bargiela, Steward na Mandy (2016) waliwahoji wanawake 14 nchini Uingereza waliotambuliwa kuwa na usonji wakiwa wamekwisha kuwa watu wazima au wakikaribia utu uzima. Tisa kati yao walisimulia kwamba walipata kudhulumiwa kijinsia. Nchini Ufaransa, Cazalis na wenzake (2022) walipowauliza wanawake 225 wenye usonji, karibu tisa katika kila kumi walisema walipata kutendewa ukatili wa kijinsia wa aina moja au nyingine. Ni kweli kwamba wahojiwa hao walijitokeza wenyewe, hivyo takwimu hizo haziwezi kuchukuliwa kuwa kipimo cha wanawake wote wenye usonji. Hata hivyo, maelezo yanayoambatana nazo yanaelekea upande mmoja. Mwanamke hakujua kwamba mwaliko ulikuwa na maana ya pili. Alidhani kukubali kinywaji ni kukubali kinywaji tu. Alifundishwa tangu utotoni kwamba hisia zake za kukerwa si za kweli, akazoea kuzinyamazisha, na siku alipozihitaji hakuziamini.

Haifai, hata hivyo, kuichora picha yenye giza tupu. Katika utafiti uliofanyika Ujerumani, Strunz na wenzake (2017) waliwauliza watu wazima 229 wenye usonji, zaidi ya nusu yao wakiwa wanawake. Asilimia 73 walipata kuwa na uhusiano wa mapenzi, na ni asilimia 7 tu waliosema hawautaki. Waliokuwa na wenzi wenye usonji pia waliridhika zaidi na uhusiano wao kuliko waliokuwa na wenzi wasio na hali hiyo. Dhana kwamba mwenye usonji hana haja ya mapenzi imekosa msingi. Haja ipo, kinachokosekana mara nyingi ni lugha ya kukutania.

4.0 Kutoelewana ni Kosa la Nani?

Pragmatiki ilivyofundishwa kwa miongo mingi imeegemea kazi ya Grice ya mwaka 1975, inayoeleza kwamba wazungumzaji hushirikiana na kwamba msikilizaji hukisia maana iliyofichika kwa kudhani kwamba msemaji anafuata kanuni za ushirikiano. Hapana shaka kwamba kazi hiyo imesaidia sana kuyaeleza mafumbo ya Kiswahili. Lakini ndani yake mna dhana isiyotamkwa: kwamba msemaji na msikilizaji wana akili zinazofanana. Pale fumbo lisipofika, mchambuzi huwa mwepesi wa kumtafuta mwenye upungufu, na aghalabu humpata kwa msikilizaji.

Saikolojia ilielekea huko huko. Baron-Cohen, Leslie na Frith (1985) waliwapima watoto 20 wenye usonji kwa mchezo wa wanasesere, wakaona kwamba 16 hawakuweza kukisia mawazo ya mhusika aliyedanganyika. Hapo ilianza kuaminika kwamba wenye usonji hawana uwezo wa kuingia katika fikra za wengine. Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, aliijibu dhana hiyo mwaka 2012 kwa hoja nyepesi: kama mwenye usonji hamwelewi asiye nao, asiye na usonji naye hamwelewi mwenye nao. Kutoelewana ni kwa pande mbili, ila upande wenye watu wengi ndio wenye nguvu ya kuuita upande wa pili mgonjwa.

Hoja ya Milton imefuatwa na majaribio. Crompton na wenzake (2020) walipitisha hadithi kutoka mtu hadi mtu katika minyororo ya watu wanane. Minyororo ya wenye usonji peke yao iliihifadhi hadithi sawa na minyororo ya wasio nao. Minyororo ya mchanganyiko ndiyo iliyopoteza zaidi. Uaminifu wa kitaaluma unadai kuongeza kwamba jaribio kubwa zaidi la watafiti hao hao, lililohusu watu 311 na kuchapishwa mwaka 2025, halikuona tofauti kati ya aina hizo tatu za minyororo. Kwa hiyo haijathibitika kwamba mchanganyiko ndio tatizo. Hata hivyo, matokeo yote mawili yanakubaliana katika jambo linalohusika hapa: wenye usonji walipopewa habari iliyo wazi waliipokea na kuipitisha vizuri kama watu wengine. Anayewahesabu kuwa hawana uwezo wa mawasiliano anakosea.

5.0 Lugha ya Uchumba Katika Jamii ya Waswahili

Lugha ya uchumba ya Waswahili imejengwa juu ya kificho kuliko sehemu nyingi nyingine za matumizi ya lugha. Wazee wanaokwenda kuposa husema wameona ua katika bustani ya wenyeji, nao wamekuja kuliomba. Mwanamke humjibu mpenzi, au humpiga kijembe mke mwenzie, kwa jina la kanga aliyojifunga bila kufungua kinywa. Kukataa kwa heshima hutamkwa kwa maneno kama "tutaona" au "Mungu akipenda", na anayeyapokea hutarajiwa kujua kwamba mlango umefungwa. Simu za mkononi hazikuyaondoa haya, zimeyafupisha tu. Ujumbe wa usiku wa manane wenye neno moja, "Umelala?", una maana ambayo haimo katika kitenzi kulala.

Mwanamke mwenye usonji anaweza kulijibu swali hilo kwa kusema kwamba bado hajalala, kwa kuwa ndilo alilouliza mtu. Anaweza kuendelea kumsubiri aliyesema "tutaona". Naye anapokataa, hukataa kwa neno moja, "Sikutaki", akidhani kwamba amemtendea mwenzake hisani ya kutompotezea wakati. Jamii humwita mkavu, jeuri, asiye na haya. Neno hili la mwisho lina uzito, maana haya na aibu ndivyo vipimo vya mwanamke mwema.

Yapo pia yanayokwenda kinyume chake. Katika nchi za Magharibi, kukwepa kumtazama mtu machoni ni mojawapo ya dalili ambazo daktari huzitafuta. Katika pwani ya Afrika Mashariki, msichana anayeinamisha macho mbele ya wageni, anayesema machache na kukaa kando ya shughuli husifiwa kwa adabu. Yumkini, basi, baadhi ya wasichana wenye usonji hupita bila kutambuliwa kwa sababu hali yao imefanana na adabu inayotakiwa. Husifiwa mpaka siku ya ndoa. Baada ya hapo, ukimya ule ule huitwa kiburi. Vipimo vilivyotungwa kwa desturi za mahali pengine haviwezi kulibaini jambo hili. Kazi hiyo inawahitaji wanaojua maana ya macho yaliyoinamishwa katika Kiswahili, nao ni wanaisimujamii.

Pamoja na hayo, mila hizo hizo zilikuwa na hekima ambayo uchumba wa siku hizi umeipoteza. Mwali hakuachwa akisie. Alikabidhiwa kwa kungwi au somo, mwanamke mtu mzima aliyemfundisha waziwazi mambo ya mwili, ya usafi, ya kitandani na ya kukaa na mume. Mizungu ya unyago ilikuwa mafumbo, ndiyo, lakini ilikuwa mafumbo yanayofumbuliwa: kungwi aliimba, kisha akaeleza wimbo una maana gani. Taasisi hiyo haikudhani kwamba kila msichana amezaliwa akijua. Ilikiri kwamba fumbo hufundishwa. Hali kadhalika mshenga alisimama kati ya pande mbili, akayageuza maneno ya kupambwa kuwa masharti yanayohesabika: mahari kiasi gani, lini, kwa nani.

Fasihi andishi inathibitisha. Mwana Kupona binti Msham alipomtungia bintiye utendi mnamo 1858, alimwandikia hatua kwa hatua namna ya kukaa na watu na mume. Msomaji wa leo anaweza kupinga utii uliohimizwa humo, lakini hawezi kukataa kwamba mama huyo aliona haja ya kuyasema mambo badala ya kuyaacha yajulikane yenyewe. Kwa upande mwingine, Kezilahabi katika Rosa Mistika (1971) anamchora msichana ambaye baba yake alimpiga kwa sababu ya barua ya mvulana na asimfundishe kitu. Anguko lake linaanzia katika ujinga aliolazimishwa kuwa nao. Rosa hakuchorwa kuwa na usonji, wala haifai kumbandika jina hilo. Anachoonyesha ni kwamba msichana yeyote anaweza kudhurika kwa kukosa maneno ya wazi. Mwenye usonji hudhurika mapema zaidi.

Haifuati kutokana na hayo kwamba unyago urudishwe kama ulivyokuwa. Yapo mafundisho yaliyomfunga mwanamke: kuvumilia kila jambo, kutotoa siri ya nyumba hata anapoumizwa, kutomkatalia mume. Mwanamke mwenye usonji, ambaye huelekea kuishika kanuni aliyofundishwa bila kuivunja, anaweza kuyashika maagizo hayo mpaka yamwangamize. Kinachostahili kurithiwa ni njia ya kungwi, yaani kufundisha kwa uwazi na kufumbua kilichofumbwa. Maudhui yake yapaswa kuanza na haki ya kusema hapana.

6.0 Kimya, Ridhaa na Sheria

Suala la ridhaa ndipo lugha inapogeuka kuwa hatari. Katika fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, kimya cha mwanamwali anapoulizwa kuhusu posa huhesabiwa kuwa ni idhini yake. Kanuni hiyo ilikusudiwa kumhurumia msichana anayeona haya kusema ndiyo kwa kinywa chake, na wanazuoni wenyewe walizijadili dalili zinazoonyesha kwamba kimya si ridhaa, kwa mfano kilio. Desturi ya jumla, nje ya dini hii na ndani yake, imeichukua kanuni bila tahadhari zake. Mwanamke mwenye usonji aliyezidiwa na watu, sauti na swali la ghafla anaweza kupoteza uwezo wa kusema kwa saa nzima. Halii, hakimbii, hatikisi kichwa. Kimya chake hakina haya wala idhini ndani yake. Ni mwili uliojifunga. Anayekisoma kwa kanuni ya desturi atamwoza mtu ambaye hakukubali.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 16, inataka ridhaa itolewe na kila upande kwa hiari na bila kulazimishwa. Kifungu hicho hicho kinasema pia kwamba ridhaa haihesabiwi kuwa ya hiari iwapo mtu alikuwa na maradhi au upungufu wa akili uliomzuia kuelewa kikamilifu sherehe inayofanyika. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014, kifungu cha 11, ina maneno yanayoelekea huko. Kwa mwanamke mwenye usonji, hapa pana makali mawili. Akinyamaza, desturi itasema amekubali. Akisema ndiyo kwa kinywa kipana, jamaa asiyeipenda ndoa hiyo anaweza kudai kwamba usonji ni upungufu wa akili na ndiyo yake si kitu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unatambua katika ibara ya 23 haki ya kuoa na kuolewa kwa ridhaa huru. Haki hiyo itabaki maandishi ikiwa anayeuliza swali la ridhaa hajui kuliuliza kwa namna ambayo mtu huyu anaweza kulijibu: mapema, faraghani, kwa maneno yasiyo na maana ya pili, na kwa kumruhusu kuandika jibu lake akishindwa kulisema.

7.0 Pingamizi Zinazotarajiwa

Pingamizi ya kwanza ni kwamba uwazi utaua utamu wa lugha. Waswahili wamejivunia kusema bila kusema, na mapenzi yasiyo na fumbo ni mapenzi yasiyo na chumvi. Jibu lake ni kwamba hakuna anayedai fumbo lifutwe. Kinachodaiwa ni kwamba lifumbuliwe linapoulizwa, na kwamba anayeuliza "una maana gani?" asichekwe. Mshairi hapungukiwi na kitu beti zake zinapofafanuliwa darasani. Mchumba naye hapungukiwi.

Pingamizi ya pili ni kwamba usonji wa mwanamke mtu mzima ni jambo la Ulaya lililoletwa na vitabu. Ni kweli kwamba tafiti zilizotajwa katika makala haya zimefanywa zaidi huko. Lakini jina ndilo geni, watu si wageni. Kila mtaa una habari za mwanamke aliyeolewa akaachwa, mwenye akili nyingi na marafiki wachache, aliyesemwa kuwa ana vituko au amechezewa. Haifai kuwapa wote hao jina la usonji kwa kukisia. Inafaa zaidi kuacha kuwapa majina yaliyo mabaya kuliko hilo.

Pingamizi ya tatu, iliyo nzito kuliko hizo mbili, ni kwamba mwanamke akijulikana kuwa na usonji hataposwa kabisa. Hofu hii ni ya kweli, na kwa sababu hiyo hakuna mwenye haki ya kumtangaza mwanamke asiyetaka kutangazwa. Lakini hofu hiyo inathibitisha hoja ya makala haya: jamii imeifanya siri kuwa sharti la kupendwa, kisha inamlaumu mwenye siri kwa kujificha.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba matatizo mengi ya wanawake wenye usonji katika mapenzi ni matatizo ya lugha iliyogawanywa bila usawa: mmoja anaruhusiwa kufumba, mwingine anaamriwa kung'amua. Idara za Kiswahili zina wajibu mahsusi katika jambo hili. Kwanza, zishughulikie istilahi. Neno usonji limekwisha kuzoeleka, lakini msemo "mgonjwa wa usonji" bado unasikika; "mwenye usonji" unatosha na haumpi mtu maradhi asiyokuwa nayo. Dhana ya kujificha kwa kuiga nayo inahitaji neno ambalo wanawake wenyewe watalikubali. Pili, wanafunzi wa uzamili wanaochunguza majina ya kanga, misimu ya vijana na lugha ya mapenzi waongeze swali moja katika hojaji zao: nani haelewi, na hutendewa nini anapokosa kuelewa? Tatu, masimulizi ya wanawake watu wazima wenye usonji yakusanywe kwa Kiswahili, kwa ridhaa yao na bila kuwataja, kabla ya wengine kuwasemea.

Methali iliyotajwa mwanzoni itaendelea kusemwa, wala hakuna sababu ya kuizuia. Lakini mwenye kuisema akumbuke kwamba kungwi, aliyeyajua mafumbo kuliko wote, hakumwita mwali wake mjinga. Alikaa naye chini, akamfumbulia.